Familia inaiamini roboti yangu kuliko ninavyoiamini mimi

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 34, ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja mkoani Morogoro. Nimeolewa na mwalimu wa sekondari na tuna watoto wawili. Naomba jina langu lisitoke, maana huku tunajuana.

Jambo hili lilianzia kwenye zamu za usiku. Ukishamaliza sampuli za wodi ya watoto na ya wazazi, kuanzia saa nane hadi alfajiri mara nyingi panatulia. Wenzangu hujinyoosha kidogo. Mimi nikaanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwanza kwa simu, baadaye kwa laptopu ya mtumba niliyoinunua kwa posho za zamu. Sikuwa na mawazo ya fedha kabisa. Nilitaka kuandika programu ndogo ya kuchora chati za udhibiti wa mashine zetu, zile za Levey-Jennings, ambazo tulikuwa tunazichora kwa kalamu na rula. Kwa wasiozijua: kila asubuhi, kabla ya kupima wagonjwa, tunaipima mashine yenyewe kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana. Tunaweka nukta kwenye chati, na nukta ikitoka nje ya mistari ya SD mbili (SD ni kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani) tunasimama kwanza.

Usiku mmoja, nikitafuta namna ya kuchora mistari hiyo, nikaangukia chati ya bei ya euro kwa dola. Katikati mstari wa wastani, juu na chini mistari ya SD mbili. Wanaiita Bollinger. Nilishtuka kama mtu aliyekutana na ndugu yake kwenye stendi ya mji wa mbali. Ni chati yangu ileile! Nikajisemea, haya mambo ya wasomi wa London na New York kumbe nayajua tangu chuo.

Tangu hapo sikutulia. Nikafungua akaunti ya demo kwenye MetaTrader 5, programu ya kununua na kuuza fedha za kigeni, yenye dola 10,000 za kuchezea, nikaandika roboti yangu mwenyewe, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe. Sheria yake fupi: bei ikishuka chini ya mstari wa chini, nunua, ikirudi kwenye wastani, funga. Ikipanda juu ya mstari wa juu, uza. Nilikosea mara nyingi. Kuna wiki nzima roboti ilikuwa inanunua mahali pa kuuza kwa sababu ya alama moja tu niliyoigeuza. Siku iliyokubali, niliruka peke yangu maabara saa tisa usiku. Mama, tangu nimalize chuo sijawahi kupenda kitu namna hii. Kazini napokea amri, nyumbani napokea mahitaji. Hiki nimekitengeneza mimi.

Baada ya miezi minne demo ilifika dola 13,400. Jioni hiyo mume wangu akapita nyuma yangu, akaona namba. "Hii ni yako?" Nikajibu, "Ndiyo, ni yangu," nikimaanisha roboti. Akapiga hesabu ya haraka, shilingi milioni 33, akanikumbatia. Niliwahi kumwambia habari za demo, lakini nadhani hakunielewa. Nilikuwa nafungua mdomo nimsahihishe, akawa tayari ameshampigia kaka yake mkubwa Ifakara. Nikanyamaza. Sijui kwa nini nilinyamaza.

Kwa aibu nikataka ule uongo uwe kweli. Nikafungua akaunti halisi kwa dola 300, kama shilingi laki saba na nusu. Nusu ni posho zangu, nusu nilizitoa kwenye kikoba. Wiki mbili za kwanza nilipata dola 38. Halafu euro ikaanza kushuka, na roboti yangu ikawa inanunua, inanunua tena, kwa kuwa kila siku bei ilikuwa chini ya mstari. Siku moja umeme ulikatika tangu mchana hadi usiku nikiwa nimeacha oda wazi, ndipo nikaanza kukodi seva, kompyuta ya mbali isiyozimika umeme wetu ukikatika, ya dola 10 kwa mwezi. Leo zimebaki dola 171. Hakuna anayejua.

Sasa shemeji zangu wameuza kiwanja cha marehemu baba mkwe. Wamekubaliana wanipe shilingi milioni 12 "nizizungushe", faida tugawane. Mama mkwe aliwahi kupoteza fedha zake za mpunga kwenye upatu mwaka 2009, na tangu siku hiyo haamini mtu. Lakini safari hii amesema mbele ya wote, "Huyu ni mkwe wangu, huyu hawezi kunila." Maneno hayo yananinyima usingizi hata siku nisizo zamu.

Kikao ni Ifakara, wiki tano kutoka leo. Nikikataa nitaonekana nimewabania ndugu wa mume. Nikisema ukweli mume wangu ataaibika mbele ya kaka zake. Na kuna sauti nyingine ndani yangu: nimejaribu mipangilio kama 400 ya ile roboti, na nimepata mmoja ambao ukiupima kwa bei za miaka mitano iliyopita unaleta faida kila mwaka. Huenda tatizo lilikuwa mipangilio tu. Huenda milioni 12 ndiyo nafasi yenyewe.

Na je, niache kabisa? Naogopa utaniambia niache.

Mwenye Chati Mbili

*

Marahaba, mwanangu.

Sitakuambia uache. Nimelitanguliza hilo ili uendelee kusoma bila moyo kudunda.

Kabla ya kazi hii ya ushauri nilikaa benki miaka mingi, sehemu kubwa kwenye dawati la fedha za kigeni, kwa hiyo barua yako niliisoma mara ya kwanza kama mtu wa benki. Mara ya pili niliisoma kama mama, na nikaona ni barua nyingine. Ngoja nikueleze nilivyokuelewa, nawe utanisahihisha nikikosea.

Una vitu vitatu vilivyofungwa kwenye kanga moja. Kuna kitu unachokipenda, kuandika programu na kuiona inatii. Kuna dola 129 zilizopotea bila mtu kujua. Na kuna neno moja, "ni yangu", lililosikika kwa maana usiyoikusudia, nawe ukaliacha lipite. Unaniuliza kuhusu milioni 12. Mimi naona hizo zimekuja juu ya hivyo vitatu, na tukianza nazo tutakosea njia.

Nianze na chati, kwa sababu hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Umeniandikia kwamba chati ya Bollinger na ya Levey-Jennings ni ileile. Kwa macho, ndiyo: wastani katikati, SD mbili kila upande. Lakini nijibu swali la maabara. Ile sampuli ya asubuhi, thamani yake mnaijuaje? Mtengenezaji ameiandika kwenye kikaratasi kinachokuja na boksi, nanyi mmeithibitisha kwa vipimo vya siku nyingi. Kwa hiyo nukta ikitoka nje ya mstari, mnajua sampuli haijabadilika, kilichoharibika ni mashine, au kitendanishi, au mkono wa mtu. Mkirekebisha, nukta inarudi. Inarudi kwa sababu pana mahali pa kurudi.

Euro haina kikaratasi. Hakuna aliyeandika thamani yake halisi. Ule mstari wa katikati si thamani ya kweli, ni kumbukumbu tu ya bei za vipindi 20 vilivyopita, na bei ikishuka wiki tatu mfululizo mstari wenyewe unashuka kuifuata. Roboti yako iliona nukta nje ya mstari ikasema mashine imekosea, itarudi. Kumbe safari hii sampuli yenyewe ndiyo iliyobadilika. Ndiyo maana naomba ulitazame upya lile wazo kwamba tatizo lilikuwa mipangilio. Inawezekana mipangilio ina sehemu yake. Lakini dhana iliyo chini yake, kwamba bei iliyotoka nje lazima irudi, hiyo huwezi kuitibu kwa kubadilisha namba 20 iwe 34.

Nitakupa mfano ambao watu wa dawati langu hatukuusahau. Kuanzia Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi iliahidi kwamba haitaruhusu euro moja kushuka chini ya faranga 1.20. Zaidi ya miaka mitatu ahadi ilisimama. Roboti ngapi duniani ziliandikwa kununua bei ikikaribia hapo, na zikapata faida mwezi baada ya mwezi! Tarehe 15 Januari 2015 benki hiyo ikaondoa ahadi yake ghafla, na ndani ya dakika chache bei ikaporomoka mbali chini ya hapo. Waliokuwa wameweka stopu losi, ile amri ya kufunga hasara ikifika kiwango fulani, wengi walifungiwa kwa bei ya mbali kabisa na waliyoiandika, kwa sababu katikati hapakuwa na mnunuzi. Wapo walioamka wakidaiwa na broka, yule wakala anayewafungulia akaunti.

Sasa ile mipangilio 400. Naona macho yako yalivyong'aa uliposema mmoja unaleta faida kila mwaka. Wape watoto 400 sarafu, kila mmoja airushe mara nane. Kwa hesabu ya kawaida mmoja au wawili watapata kichwa mara zote nane. Je, utamwajiri yule mtoto? Ukipima mipangilio 400 kwa bei zilezile za miaka mitano, baadhi itang'aa kwa bahati tupu, nawe utachagua inayong'aa kuliko zote. Maabara mnalijua hili kuliko mimi: hamwezi kuisahihisha mashine kwa sampuli fulani halafu mkatumia sampuli hizohizo kuthibitisha kwamba iko sawa. Ukitaka kumpima yule mmoja kwa haki, mpe miaka ambayo hajawahi kuiona, mara moja tu, ukubali jibu lolote litakalotoka. Lisipokupendeza ukarudi kurekebisha na kupima tena kwa miaka hiyohiyo, basi nayo ameshaiona.

Kuna kingine ambacho demo haikukuonyesha. Kwenye demo oda yako kwa kawaida inakubaliwa kwa bei unayoiona, maana hakuna mtu upande wa pili. Kwenye akaunti halisi unaweza kupewa bei mbaya kuliko uliyoiona, na mwanya kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ile spredi, haukai palepale. Ijumaa takwimu za ajira za Marekani zinapotoka, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, au saa kumi na nusu wakati wao wamerudisha saa nyuma, mwanya unapanuka mara kadhaa. Usiku siku ya soko inapofungwa New York, kwetu saa sita au saa saba, unapanuka tena, na ukilala na oda wazi unatozwa, au mara nyingine unalipwa, riba ya usiku huo. Wewe ni mtu wa zamu, nadhani saa hizo umeshaziona kwenye kioo bila kujua kinachotokea.

Na ile seva ya dola 10 kwa mwezi, umeipigia hesabu? Kwa mwaka ni dola 120. Juu ya mtaji wa dola 300 hiyo ni asilimia 40, kabla roboti haijanunua chochote. Tena hasara haipandi ngazi ileile iliyoshukia: kutoka 300 hadi 171 umepoteza asilimia 43, lakini kutoka 171 kurudi 300 unahitaji faida ya asilimia 75. Nimeziandika hesabu hizi ili uziweke mbele yako mchana, zisikujie usiku zikiwa kivuli.

Usidhani ni wewe tu. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilipokusanya takwimu za nchi zake ilikuta kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara hizi za mikataba ya bei (CFD, kubashiri bei itapanda au kushuka bila kumiliki kitu chenyewe) zinapoteza fedha, na ikawalazimisha mabroka watangaze asilimia zao wazi. Hata wenye wahandisi hawaponi. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva zake nane, moja ikasahaulika na ikabaki na programu ya zamani. Ndani ya dakika 45 walipoteza kama dola milioni 440. Uliponiandikia habari ya alama moja uliyoigeuza, na roboti kununua mahali pa kuuza wiki nzima, nilishukuru Mungu kwamba ilikuwa demo.

Hapo nimemaliza mambo ya benki. Sasa tukae vizuri, mwanangu.

Unasema ulinyamaza na hujui kwa nini. Mimi nadhani ninajua kidogo, niambie kama nakosea. Kwa muda mrefu ulikuwa na kitu kizuri ambacho hapakuwa na wa kumwonyesha. Saa tisa usiku uliruka peke yako. Halafu kwa mara ya kwanza mtu unayempenda akakitazama, akafurahi, akakukumbatia. Kumsahihisha pale kungekuwa kuiondoa mikono yake mabegani mwako. Sioni tapeli hapo. Naona mtu aliyekuwa na njaa ya kusifiwa kwa kazi yake. Lakini ukimya ule una umri sasa, na kila wiki unaongezeka uzito. Wa siku ya kwanza ungeuondoa kwa sentensi moja. Wa leo unahitaji jioni nzima. Wa baada ya Ifakara, fedha zikishapokelewa, sitaki hata kuukadiria.

Unasema ukisema ukweli mume wako ataaibika. Inawezekana. Ila umejiuliza aibu ipi ni ndogo? Kumwambia kaka yake "nilielewa vibaya, zile zilikuwa fedha za mazoezi", au kumwambia baada ya mwaka kwamba milioni 12 zimebaki 6 na laki nane? Hicho ndicho kingebaki zikishuka kwa kiwango kilekile cha dola zako. Na je, una hakika kwamba furaha yake ilikuwa ya zile milioni 33 tu? Yeye ni mwalimu. Huenda sehemu yake ilikuwa kuona mke wake, baada ya zamu na watoto, amejifundisha kitu kigumu namna hii. Sehemu hiyo ya furaha haina haja ya kufa. Sijui yukoje mumeo, wewe unamjua. Nakuomba tu usimhukumu kabla hujamsikiliza.

Kuhusu njia zilizo mbele yako, nitazungumza na kila moja kwa hatari zake, maana hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kupokea fedha. Najua moyo wako hauko huko, lakini umeitaja, tuitazame. Akaunti iko kwa jina lako, kwa broka aliye nje ya nchi. Ukiugua, shemeji zako watazidai wapi? Tena kusimamia fedha za uwekezaji za watu wengine ni shughuli ya leseni. Hapa kwetu wa kumuuliza ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Neno "familia" halikuondolei hilo moja kwa moja. Kubwa zaidi, utaanza kuendesha roboti kwa hofu. Mtu anayeendesha kwa hofu huizima katikati ya hasara na kuiwasha baada ya faida kupita. Kile kitu unachokipenda kitageuka mzigo wa ukoo.

Kuna kupokea kidogo, tuseme laki tano, "za kujaribia". Watu wengi huikimbilia njia hii kwa kuwa inaonekana ya busara. Tahadhari yangu ni kwamba ndani ya familia laki tano ikileta faida, milioni 11 na nusu zinafuata, na ikileta hasara haihesabiwi kuwa ndogo. Kwa mama aliyechomwa mwaka 2009 hakuna kidogo.

Unaweza kukataa bila kutoa sababu: kazi nyingi, zamu, watoto. Utalinda siri yako na heshima ya mumeo kwa wakati huu. Lakini milioni 12 zitakuwa bado ziko mezani Ifakara, na shemeji zako wameshaamini kwamba roboti huzaa fedha, kwa sababu "mkwe wetu anazo". Wasipokupa wewe watamtafuta mwingine, na kwenye simu hawakosekani wanaoahidi faida ya kila wiki. Hapo roboti yako itakuwa imewapeleka mahali usipokuwepo hata kuwaonya.

Na kuna kusema. Ukichagua hiyo, mimi ningemwanza mume, peke yake, wiki kadhaa kabla ya kikao, ili naye apate muda wa kukasirika na kutulia. Si siku ya kutoka zamu. Fungua akaunti zote mbili kwenye kioo, ya 13,400 na ya 171, umwache aone kabla ya maneno. Halafu umwambie lile neno "ni yangu" lilimaanisha nini. Usiache zile za kikoba, maana akizigundua mwenyewe baadaye ataanza kukitilia shaka hata ulichomwambia kwa ukweli. Hatari ipo. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema, "Basi usiwaambie, endelea urekebishe." Anaweza pia kukuuliza kwa nini hukumwamini, na swali hilo litauma kuliko hasira. Ujiandae nalo.

Atakayewaambia Ifakara ni nani, yeye au nyote wawili, hilo mlipange pamoja. Lakini kuna jambo moja la mama mkwe nataka ulifikirie. Alisema huwezi kumla. Wewe umelisikia neno hilo kama mzigo. Lisikie tena kwa mtu aliyeibiwa: anasema kwamba wewe ni mtu wa kumwambia ukweli hata usipopendeza. Huenda yeye, kuliko wote kwenye kikao kile, ndiye atakayeelewa haraka ukisema, "Mama, nimejaribu kwa fedha zangu nikapoteza, sitaki nijaribu kwa zako."

Wakikuuliza basi fedha zikae wapi, si lazima uwe na jibu. Ukitaka kuwasaidia, ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo ilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Zipo hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo kiwango cha kuanzia ni shilingi milioni moja. Zina kanuni zake na ubaya wake, wakaulize wenyewe. Na usisahau kwamba shemeji zako ni watu wa Ifakara. Wanajua gunia la mpunga linauzwaje wakati wa mavuno na linauzwaje miezi saba baadaye, wanajua ghala lipi linavuja. Hiyo nayo ina hasara zake, lakini ni hasara wanazozijua kwa majina.

Sasa hobi yako. Hapa nitasema kama anayeipenda kwa niaba yako. Mtu anayelima bustani ya maua haulizwi amepata faida gani. Kama unataka kuendelea na euro na dola, endelea kwenye demo kadiri upendavyo, na ukitaka ladha ya fedha halisi weka kiasi ambacho mumeo anakijua na mmekubaliana kwamba kikiisha kimeisha. Tumia loti, yaani kipimo cha ukubwa wa oda, iliyo ndogo kabisa, ile ya 0.01, ambapo euro ikisogea pipsi moja, yaani dola 0.0001, unapata au kupoteza kama senti 10 za dola. Faida haitakutajirisha, lakini utajifunza yote ambayo demo inaficha. Unaweza pia kuigeuza kazi: badala ya kutafuta mpangilio unaoshinda, andika programu inayojaribu kuthibitisha kwamba roboti yako haifai. Kwa mtu wa maabara nadhani hilo lina raha yake. Au chukua bei za kila siku za Soko la Hisa la Dar es Salaam, tangu biashara ilipoanza pale mwaka 1998, uone jinsi hisa zinavyokaa wiki nzima bila kuuzwa. Roboti haina cha kufanya hapo, lakini mchambuzi anacho.

Wiki tano si nyingi, ila zinatosha kwa jioni moja nyumbani. Utakalochagua ni lako na la mumeo, nami nitakuwa hapa ukitaka kuandika tena, kabla ya kikao au baada yake.

Na ukiandika, nijibu na hili, maana nimelitafuta kwenye barua yako sikulipata. Ulianza kujifunza ili mashine za maabara zipate chati zisizochorwa kwa rula. Ile programu iliishia wapi?